Kutafuta Mwenyeji Kwenye Theluji

Mke wangu alipotimiza miaka hamsini, binti yetu alimkatia tiketi ya ndege ya kwenda Laplandi, kule juu kabisa Ulaya inakoishia, ambako ukifungua ramani majina yanakwisha inabaki rangi tu. Na kwa kuwa mama hawezi kutumwa kwenye theluji peke yake, nikakatiwa na mimi. Ijumaa kwenda, Jumatatu kurudi, mwezi wa tatu, wakati theluji bado nzima na jua limeshakumbuka kuchomoza.

"Tiketi nimemaliza," binti akaniambia kwa Kiingereza chake cha Edmonton, mtaa wetu wa London. Kiswahili anakisikia chote, hata kile tunachonong'ona jikoni, ila kukijibu ndiyo hataki. "Pa kulala na pa kutembea panga wewe, baba. Mama asishike kitu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilisema hivyo nikiwa kwenye kochi langu, kona ya karibu na hita, mahali ambapo hata wageni wanajua hapakaliwi. Mimi ni mtu wa nyumbani, sijifichi. Nimeishi London miaka ya kutosha kulea mtoto mpaka akaanza kunikatia tiketi, lakini Tooting naijua kwa kusimuliwa. Wenzangu wanavuka jiji zima kwenda kununua bamia na maembe kule. Mimi nawasubiri warudi, niwaulize kama bamia zilikuwa changa. Kazini naenda kwa miguu. Nikivuka tu ile barabara kubwa inayolizunguka jiji upande wetu, natamani kuwapigia watu simu niwaambie nimefika salama.

Kwa hiyo walikuwepo watu waliocheka waliposikia mpangaji wa safari ni mimi. Wa kwanza alikuwa mke wangu mwenyewe.

"Wewe? Wewe ambaye kwenda Hayes kwa kaka yangu unaaga kama unakwenda vitani?"

"Hayes ni mbali."

"Hayes ni London, baba."

"Ndio ubaya wake. Unasafiri asubuhi yote na bado hujatoka."

Sikutetereka, na nilikuwa na sababu. Kwanza, jiografia. Kidato cha nne nilipata C ya Jiografia, na C hiyo nimeitunza vizuri kuliko watu wengi walivyotunza A zao. Mwalimu wetu alituchoresha misitu ya kaskazini mpaka penseli za kijani zikaisha, darasa zima tunatiririka jasho, Morogoro, mwezi wa kumi na moja. Misitu ile naijua. Nimeichora kwa mkono wangu. Halafu, na hii ndiyo kubwa, mimi baridi ndiyo kazi yangu. Ghala ninalofanyia kazi linatunza vyakula vilivyogandishwa, njegere, samaki, chipsi, na chumba cha ndani kina baridi ya kufanya masharubu yawe magumu kama mswaki. Nina koti la kazi, nina buti, nina glovu za tabaka mbili. Najua chuma hakishikwi kwa mkono mtupu. Najua ukitoka jasho ndani ya koti umejimaliza mwenyewe. Vijana wapya wakija na vijaketi vyao vya kupendeza, mimi ndiye ninayewarudisha kubadilisha.

Nilimweleza mke wangu haya yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema, "Sawa, bingwa. Ila kule hakuna mlango wa kutokea."

Hilo sikuwa nimelifikiria, lakini sikumwonyesha.

Sasa niseme kwa nini alitaka kwenda huko, maana watu walidhani ni mambo ya zile taa za rangi zinazocheza angani usiku, na kupiga picha. Mke wangu anahudumia wazee majumbani mwao. Anawaogesha, anawalisha, anawageuza upande. Siku moja mchana alirudi kutoka zamu, akakaa kando yangu na viatu vyake bado miguuni, akanipa simu. Ilikuwa video. Mtu aliyeshika kamera haonekani, anatembea tu. Miti, theluji, hatua zake zikilia kama mtu anatafuna bisi.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Theluji."

"Angalia vizuri."

"Theluji nyingi."

"Hakuna mtu," alisema. "Nimeiangalia mpaka mwisho. Hakuna mtu hata mmoja."

Aliisema kama watu wengine wanavyosema kuna bwawa la kuogelea.

Kumwelewa lazima uzijue likizo zake. Mwanamke huyu, tangu tuje hapa, hajaenda mahali bila shughuli. Likizo ya kwenda Tanga kwao ni ya msiba au ya harusi, na anarudi vidole vinanuka vitunguu. Likizo ya hapa hapa ni ya mtu aliyejifungua, mtu aliyefanyiwa operesheni, mgeni wa kupokewa uwanja wa ndege. Akiingia nyumba ya watu, salamu hazijaisha ameshashika kisu cha jikoni. Hakuna anayemlazimisha, mikono inakwenda yenyewe. Na kukataa hawezi. Akiombwa kitu, sauti yake inapanda juu, inakuwa tamu kama ya mtangazaji wa redio: "Haya, mama, hamna shida kabisa." Halafu anakata simu na kufumba macho.

"Nataka siku hizo chache," aliniambia, "asiniite mtu. Si mgonjwa, si wifi, si mama mkwe wa nani. Nisipike, nisipakuliwe, nisiulizwe Tanga hali ikoje. Nitembee kwenye theluji mpaka nichoke, nirudi nilale. Hicho tu. Sitaomba kingine."

"Sawa, mama," nikasema. "Nimesikia."

Na kweli nilisikia, kila neno. Halafu nikaenda kupanga safari kama ninavyojua kupanga safari.

Sisi hatuanzi na hoteli. Hoteli ni ya mtu asiye na watu. Ukitajiwa mji wowote wa dunia hii, kabla hujauliza mvua wala jua, unauliza: nani yuko huko? Kuna mtu wetu? Na mtu wetu si lazima awe ndugu. Akiwa alisoma na mpwa wa jirani, anatosha. Akiwa anasema Kiswahili, hata kile kingine kabisa, anatosha. Ndivyo alivyofika baba yangu Dar es Salaam mara ya kwanza, ndivyo nilivyofika mimi London, na ndivyo nilivyoamini binadamu anavyofika mahali popote. Mtu kushuka kwenye ndege asipokewe na mtu, mimi nilikuwa naona ni kama kuzaliwa barabarani.

Nikampigia shemeji wa Hayes, kaka yake mke wangu, ambaye anapakia mizigo kwenye ndege.

"Shemeji, Laplandi nani yuko?"

"Laplandi ya wapi?"

"Kwani zipo ngapi?"

"Si kule kwenye wale paa wa pembe ndefu? Huko hakuna mtu, shemeji. Huko ni pori la barafu."

"Lazima kuna mtu."

Nikamsikia anawaza. "Subiri kwanza," akasema. "Kuna Mkongo mmoja napanga naye mabegi. Wale wenzetu wakati wa vita walipelekwa mpaka mwisho wa dunia. Ngoja nimuulize."

Chai yangu haijapoa, simu ikalia. Yupo! Mama yake mkubwa yule Mkongo, mtu wa Uvira, alipokewa huko kama mkimbizi na watoto wake wadogo, sasa watoto wameoa na kuolewa, yeye anafanya usafi hospitalini. Ana nyumba, ana gari, ana kanisa. Na mji wake uko njia hiyo hiyo ya kutoka uwanja wa ndege. Nilisimama kutoka kwenye kochi. Nilijisikia kama mtu aliyegundua mafuta.

Nilipompigia, yule mama alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Allo, papa! Aksanti sana kwa kutukumbuka!"

Hatujawahi kuonana wala kusikiana maishani, lakini nilikuwa nimemkumbuka.

"Mutalala kwangu," akasema. "Hoteli ya nini? Nyumba iko na joto, vitanda viko. Bamama ba kanisa banawangojea."

"Wameshajua?"

"Eh! Tunaishi mbali huku, papa. Mugeni wa Kiswahili akifika ni kama Noeli."

Tukapanga pale pale. Ijumaa chakula cha kupokelewa. Jumamosi mkutano wa akina mama, kutwa. Jumapili ibada, na mke wangu asimame aseme maneno mawili. Jumatatu tunasindikizwa uwanja wa ndege, tena kwa magari mawili.

"Na msituni, mama?" nikauliza, maana sikuwa nimesahau kabisa.

"Musitu uko hapo tu, nyuma ya nyumba," akasema. "Mutauona mu dirisha."

Niliona mambo yamekwenda safi. Kulala kumepatikana, kula kumepatikana, pori lipo dirishani. Nikaamua nisimwambie mke wangu, iwe zawadi. Nilimwona kabisa kichwani mwangu akishuka kwenye ndege, amezoea kufikiri mumewe ni mtu wa kochi, anakuta watu wamejipanga wanaimba.

Mizigo nayo ikaanza, kama inavyoanza. Yule mama hakuomba kitu, aliuliza tu kama London unga wa muhogo unapatikana, na mawese, na wale dagaa wakavu wadogo. Mpwa wake akaleta kifurushi cha vitenge kupitia kwa shemeji. Shemeji akasema kwa kuwa sanduku lipo wazi, na yeye ana kitu. Nikawa naficha vyote chini ya ngazi, nyuma ya pasi na mwavuli, na nyumba ikaanza kunuka dagaa kidogo. Mke wangu aliuliza mara moja. Nikamwambia ni bomba la jirani. Soksi nene alizonunua kwa ajili ya safari nilizihamishia kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu sandukuni hazikuwa na nafasi tena.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi, ameingia tu kutoka kwa mzee wake wa asubuhi, koti bado mwilini. Simu yake ikalia. Namba ya nje. Mimi nilikuwa kwenye kochi na niliitambua ile sauti ikitokea upande wa pili kabla yeye hajaitambua, maana yule mama anaongea na simu kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Ndiyo, mama," mke wangu akasema. "Shikamoo. Ndiyo, ndiye mimi... Nani?... Ahaa." Akanigeukia. Macho yake yalibaki kwangu, hayakutoka tena. "Pilau? Ya watu wangapi, mama?"

Nikaangalia hita.

"Arobaini," akarudia, na sauti ikapanda, ikawa ile tamu. "Haya, mama. Hamna shida kabisa. Nitakuja na viungo."

Akakata simu. Hakufumba macho safari hii. Akakaa kwenye ngazi, na koti lake, na begi lake la kazi mapajani.

"Ameambiwa mimi mtu wa Tanga," akasema. "Kwa hiyo pilau yangu lazima iwe nzuri. Jumamosi, mkutano. Yeye atatoa nyama."

"Nilitaka iwe sapraizi."

"Imekuwa."

Kama angepiga kelele ningejua la kufanya. Nimefokewa sana katika maisha yangu na nina uzoefu. Lakini aliongea taratibu kabisa, kama anamweleza mgonjwa ratiba ya dawa.

"Nenda wewe," akasema. "Uwasalimie. Uwaambie nimebanwa na kazi. Pilau naweza kuipika hapa hapa Edmonton, sihitaji kupanda ndege."

"Mama..."

"Sijakasirika." Akanyanyuka, akapanda juu, na kila kidato cha ngazi nikakisikia.

Sasa mimi namjua huyu mtu. Si mwombaji. Vitu alivyoniomba katika ndoa yetu yote vinaingia kwenye kiganja kimoja. Na akiomba kitu akakikosa, hakiombi tena, hata ukimletea baadaye na utepe juu yake atasema asante, weka hapo. Tiketi yake ingeruka na kiti kitupu, na ile video asingeniwekea tena mbele ya macho. Hilo ndilo lililonitoa kwenye kochi. Bila hilo, naapa, ningeenda peke yangu nikale pilau.

Nikampigia shemeji.

"Sema umeugua," akanishauri haraka, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo.

"Wataniombea. Kanisa zima, kwa simu, kwa zamu. Nitapona kabla ya siku ya safari."

"Basi sema kuna msiba."

"Shemeji! Watachanga. Yule mama atazunguka Laplandi nzima na bahasha. Rambirambi itafika hapa mimi bado natafuta marehemu."

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akatulia, akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Lakini huwezi kumkatalia mtu chakula chake. Hasa mtu aliye mbali vile, anayesubiri wageni. Atasema Watanzania wana maringo."

"Atasema."

"Na mpwa wake mimi napanga naye mabegi kila siku."

"Utanisamehe, shemeji."

"Dada yangu mwenyewe amekubali kupika, umesema. Kwa mdomo wake."

"Ndiyo shida yenyewe hiyo," nikasema. "Yeye anakubali."

Ukweli ndio uliobaki, na ukweli sikuwa na mazoezi nao kwa watu wa aina hiyo. Kukataa kwa bosi najua. Kukataa kwa mtu anayeuza bima mlangoni najua, nafurahia hata. Lakini mwanamke mzima aliyekuandalia kitanda bila kukujua, unamwambia nini? Mama yangu angenisikia, angeniuliza nililelewa na nani.

Nilisimama jikoni, kwa sababu mambo kama hayo huwezi kuyasema umekaa, nikapiga.

"Papa!" akapokea. "Nyama tumepata. Nzuri!"

"Mama," nikasema, "nimekupigia kukwambia hatutakuja kulala kwako."

"Ndege imebadilika?"

"Hapana."

"Kuko mugonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Mke wangu amechoka."

"Atapumuzika hapa. Nitamupatia chumba cha juu, peke yake."

"Amechoka na watu, mama."

Nikasikia upande wake maji yanatiririka, kisha bomba likafungwa.

"Na sisi?" akauliza. "Hajatuona bado."

"Si nyinyi. Ni sisi huku, mimi wa kwanza. Aliniomba nimpeleke mahali ambapo hakuna mtu, na mimi nikamtafutia watu arobaini."

"Papa, hakuna mutu anapita kwangu bila kula."

"Najua, mama. Sisi tutakuwa wa kwanza."

Akavuta pumzi. "Nipatie mama niongee naye."

Mke wangu alikuwa ameshashuka. Alikuwa mlangoni pa jikoni, na mkono wake ulikuwa umenyooka kupokea simu. Sidhani hata alijua umenyooka. Ni mtu aliyelelewa. Mkubwa akikuita unaitika. Uso wake ulikuwa umeshapangwa, na niliiona ile sauti tamu ikimpanda kooni. Sekunde moja tu na pilau ingerudi mezani, na viungo, na maneno mawili ya Jumapili.

Nikaihamishia simu sikio la pili, mbali naye.

"Hapana, mama," nikasema. "Leo hatapokea."

"Yuko hapo?"

"Yupo hapa hapa, ananiangalia kama nimevua nguo barabarani. Lakini hatapokea, kwa sababu ukimwomba atakubali. Na aliyeharibu ni mimi, si yeye."

"Haya, papa," akasema yule mama. Maneno mawili tu, na simu ikakatika.

Mke wangu aliuangalia mkono wake, akaurudisha.

"Umemkatalia mtu mzima," akasema.

"Nimemkatalia."

"Hukuniachia hata nimsalimie."

"Ungemsalimia kwa pilau."

Alitaka kucheka, nikaona, akakimeza kicheko. Aliwasha birika, akalizima, akaenda sebuleni. Nilipomfuata nikamkuta amekaa kona ya karibu na hita, kona yangu, na ameweka kompyuta ya binti mapajani. Kuna siku mtu anajua hana haki ya kudai kochi.

"Njoo hapa," akasema. "Lete na hiyo C yako ya Jiografia."

Basi tukaanza upya. Vifurushi vya watu vilirudi Hayes, shemeji akavipeleka posta huku akinilaani, na nyumba ikaacha kunuka bomba la jirani. Na mimi, mtu wa nani-yuko-huko, nikakaa ukingoni mwa kochi kutafuta pa kulala mahali ambapo jibu ni hakuna. Kuna vibanda vya mbao huko, vya kukodi, ndani jiko la kuni na vitanda, nje theluji. Nilimwonyesha kimoja kizuri.

"Kiko karibu na barabara," akasema.

"Barabara si kitu kibaya. Tukipata shida..."

"Tutasikia magari."

Akasogeza ramani. Nikamwonyesha kingine, kando ya mgahawa. Akasogeza tena, hakujibu hata. Alikuwa anakwenda juu, mbali na majina, mbali na mistari, kidole kinateleza kwenye kijani. Mahali pengine ramani ilikuwa tupu kiasi kwamba nilidhani mtandao umekatika.

"Hiki," akasema.

Nikasoma. Gari linakushusha barabarani, unatembea na viatu vipana vya theluji. Ufunguo uko kwenye kisanduku mlangoni. Mwenye kibanda haji.

"Haji kabisa?" nikauliza. "Hata kutusalimia?"

"Haji."

"Na tukifika, nani anatupokea?"

"Utafungua mlango, utaingia ndani, halafu utanigeukia unipokee."

Sijui kama ulikuwa utani. Nikairudia kusoma ile habari ya ufunguo. Lakini kuni najua kuwasha, mtu wa Morogoro hafundishwi hilo, na mavazi najua, na tayari nilikuwa nimeshamkatalia mwanamke wa Uvira chakula chake, jambo ambalo sikuwa nimewahi kusikia mtu amelifanya akabaki mzima. Kutembea kwenye theluji kungenishinda nini? Nikasema sawa, weka jina. Akaweka la kwake.

Wiki moja baadaye, tunakula, simu yake ikalia. Ile namba. Tukaangaliana. Nikanyoosha mkono mimi sasa, tayari kupigana, lakini yeye akasimama na simu yake akaenda kuongelea koridoni. Nikaacha kutafuna ili nisikie.

"Shikamoo, mama... Asante... Hapana, mama." Hatua zake zikaenda na kurudi. "Hapana, si hivyo." Kicheko, cha kwake cha kweli, kile kizito. "Hapana, mama! Hapana."

Nilihesabu hapana zile kwa masikio yangu mwenyewe na sikuamini. Na sauti haikupanda hata kidogo.

Akarudi, akakaa, akaendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea, kwa makusudi, kuniadhibu.

"Haya, sema," nikasema.

"Anasema alikasirika siku mbili. Ya tatu akaanza kuwaza." Alimega ugali polepole. "Anasema tangu apelekwe huko, watoto wadogo mpaka wamekuwa na watoto, yeye msituni hajawahi kuingia. Anauona tu dirishani. Kila wikendi ana watu wa kanisa."

"Maskini."

"Akaniuliza tunalala wapi, nikamwambia. Kibanda, kuni, hakuna mtu." Akanitazama. "Halafu akaniuliza kina vitanda vingapi."

Nikaweka tonge chini. "Ukamjibuje?"

"Nimemwambia ukweli. Vitatu."

"Mama!"

"Kimoja changu," akasema, "kimoja chako, na kimoja cha kuwekea makoti."